Jina la kimondo ni pale kilipodondoka

Mwangaluka wazee wangu, shikamooni, na nyie vijana mliosimama huko nyuma chini ya mwembe sogeeni jamani, maana kuna kitu nakipitisha mkono kwa mkono na nataka kila mtu akishike.

Haya, hiki hapa. Hakifiki hata ukubwa wa kiberiti lakini kipime mkononi uone kilivyo kizito. Upande huu kimekatwa, kielekeze juani, unaona vinukta vinametameta kama bati jipya? Ni chuma hicho, kimetoka huko juu. Ni kimondo, na jina lake rasmi ni Northwest Africa 869, yaani Afrika Kaskazini Magharibi namba 869. Mimi hilo jina linaniuma kila nikilisoma. Ni kama mtoto aandikwe kliniki kwamba ni mtoto wa 869 wa nusu bara zima, kijiji hakuna, kata hakuna.

Imekuwaje? Mawe haya yaliokotwa huko Sahara yakapita mikono ya wafanyabiashara mpaka masokoni Morocco, na yalipofika kwa wataalamu hakuna aliyeweza kusema yalikuwa yamelala wapi hasa. Namba 869 peke yake ni zaidi ya tani mbili, vipande maelfu kwa maelfu, na pa kuonyesha kwa kidole hakuna!

Sasa kanuni yenyewe ni hii, kimondo kinaitwa jina la mahali kilipopatikana, iwe kijiji, mto, mlima, mji, ilimradi ni jina lililopo kwenye ramani na pako jirani. Hakiitwi jina la aliyekiokota wala aliyekinunua hata awe tajiri vipi. Zamani walipenda kutumia jina la posta ya karibu. Mahali pasipojulikana ndo unaishia kupewa namba kama hivi.

Wanaopitisha majina ni kamati ya chama cha kimataifa kinaitwa Meteoritical Society, kilianza 1933, na likishapita linatangazwa kwenye Meteoritical Bulletin. Usidhani utawarushia picha ya WhatsApp wakupe jina. Jiwe linapimwa maabara kwanza ijulikane ni aina gani, halafu sampuli inabaki kwenye taasisi inayotunza vimondo, gramu 20 au asilimia 20 ya jiwe zima, ile iliyo ndogo, kwahiyo jiwe la kilo moja unatoa gramu 20 na la gramu 50 unatoa 10 tu, ndo kamati inapiga kura.

Kuna namba zenye adabu zake pia. Antaktika hakuna kijiji wala posta, ni barafu tupu, na vimondo vinaokotwa kwa maelfu, kwahiyo wanaweka jina la eneo na mwaka na namba. Allan Hills 84001 ni msimu wa 1984, ya kwanza kwenye orodha, na lile jiwe asili yake ni sayari ya Mars. Pale namba ipo ila mahali hapajapotea.

Njooni nyumbani sasa. Kimondo cha Mbozi mnakijua, kipo kijiji cha Ndolezi, dunia nzima inakiita Mbozi. Mbale ya Uganda, tarehe 14 Agosti 1992 mawe yalinyesha pale, kamoja kakapita kwenye majani ya mgomba kakamgonga kijana kichwani, kadogo sana, hakakumuumiza. Jina lake likawa Mbale.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni Ivuna. Karibu na Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938, gramu 705, hata kilo ya sukari haifiki. Kakawa kielelezo cha kundi zima la vimondo, wanaliita CI, na hiyo I ni Ivuna! Desemba 2020 Wajapani walileta duniani vumbi la kimondo-sayari Ryugu, yaani jiwe kubwa linalozunguka jua huko angani, wakalichunguza wakakuta linafanana na kundi hilo hilo la Ivuna. Yaani mtu yuko maabara Tokyo anataja kijiji cha Tanzania, kwa sababu 1938 kuna aliyesema kimeangukia hapa.

Kuna mzee wa upande wa Sikonge aliniletea jiwe jeusi kwenye salfeti. Nililigeuza nikaona matundu matundu kama mkate, nikajua sio, ni mavi ya chuma, mabaki ya wahunzi wa zamani, na kimondo hakinaga matundu hivyo. Nikamwambia pole baba. Ila akanipeleka mpaka porini, kumbe pale alipoliokota alichomeka mti na kuufunga kitambaa chekundu. Sijawahi kuona mtu kafanya kazi nzuri kiasi kile.

Kwahiyo ukikuta jiwe zito, jeusi, limefunikwa na ganda jembamba kama limeungua, piga picha likiwa bado chini, washa lokesheni ya simu uandike zile namba, usilioshe, usiligongeshe sumaku maana inaharibu kumbukumbu zake za ndani, chomeka mti.

Kijana umeuliza likidondoka Mto Ugalla litaitwaje. Ugalla. Likidondoka Urambo litaitwa Urambo, na hapa mjini, Tabora. Haya, kile kipande kimefika kwa nani?