Nukta Mbili za Manjano: Mhadhara kwa Wachezaji Wapya wa Skwoshi

Bwana Mwenyekiti, wanachama wenzangu, na nyinyi wageni mliojiunga nasi mwaka huu,

Nimeombwa nizungumze kuhusu namna ya mtu kujichagulia vifaa vyake vya skwoshi, mchezo wetu huu wa kuupiga mpira ukutani kwa raketi ndani ya chumba, na katika barua ya mwaliko kifaa cha kwanza kilichotajwa ni raketi. Nitaifikia raketi muda ukiruhusu. Wale walionisikia miaka iliyopita wameshaanza kutabasamu, kwa sababu wanajua kwamba muda huwa hauruhusu, na sababu yake wanaijua pia: mimi huanza na mpira, na nikishaanza na mpira si rahisi kuning'oa hapo.

Nimewatazama mlipokuwa mkiingia. Nimehesabu raketi kumi na saba mabegani, tatu kati yake zikiwa bado na nailoni ya dukani kwenye mpini. Niliwauliza wanne kati yenu pale mlangoni mnachezea mpira gani, na wote wanne mkanijibu neno moja: "Wa kawaida." Ndugu zangu, mpira wa kawaida haupo. Huo mnaouita wa kawaida ni mpira wenye nukta mbili za manjano, mzito wa kudunda kuliko wenzake wote mtakaowakuta dukani, nao umetengenezwa kwa ajili ya watu wanaoupiga kwa nguvu, mfululizo, bila kuupa nafasi ya kupoa.

Mpira huo una kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 24 hivi, una uwazi ndani, na raba yake hubadilika tabia kadiri inavyopata joto. Kipimo chake rasmi kinaeleza kila kitu. Ukidondoshwa kutoka kimo cha inchi 100, yaani mita mbili na nusu na ushei, ukiwa na joto la nyuzi 23, unatakiwa udunde angalau asilimia 12 ya kimo hicho. Mpira ule ule ukifikishwa nyuzi 45, hudunda zaidi ya robo ya kimo. Kwa hiyo mliponunua mpira mmoja mlinunua mipira miwili, na bingwa mnayemtazama kwenye televisheni anacheza na ule wa pili, ule wa moto. Wewe uliyeanza mwezi uliopita unacheza na ule wa kwanza, unaogusa sakafu ukalala kama andazi lililokosa hamira.

Kuna kisa ambacho nimekisimulia mara nyingi kiasi kwamba mke wangu anaweza kukimalizia, lakini sitaki kukiacha. Miaka kadhaa iliyopita, katika klabu moja ya hapa Nairobi ambayo si hii, alijiunga kijana mmoja mhasibu, mtu mwenye bidii na mwenye pumzi, ambaye kabla hata hajaingia uwanjani mara ya kwanza alikuwa amenunua raketi ya bei ambayo mimi sijawahi kuilipia raketi yoyote. Pamoja nayo alinunua kopo la mpira wenye nukta mbili, kwa sababu muuzaji alimwambia kwamba huo ndio wanaoutumia mabingwa, na muuzaji hakusema uongo. Ilikuwa mwezi wa Julai. Mnaijua Julai ya Nairobi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kuta za uwanja zikiwa baridi kama jiwe la mtoni. Kijana anapiga mpira mara tatu, unakufa. Anauokota, anaupiga mara mbili, unakufa. Baada ya wiki tatu alinifuata, akaniambia kwa heshima kubwa kwamba amegundua mchezo huu haumfai, goti linamuuma kwa kuinama, na je, ninamfahamu mtu anayeweza kununua raketi iliyotumika kidogo tu?

Nilimwambia raketi haiuzwi leo. Nikatoa mfukoni mpira wenye nukta nyekundu, ambao ni mkubwa kwa asilimia 6 na, kwa maelezo ya watengenezaji wake, Dunlop, hukaa hewani kwa muda uliozidi ule wa nukta mbili kwa asilimia 20. Tukaingia uwanjani. Baada ya dakika kumi alikuwa akiupiga mara kumi na mbili mfululizo. Baada ya nusu saa jasho lilikuwa likimtiririka, na kwa mara ya kwanza alikuwa ameufuata mpira hadi pembe ya nyuma, akausubiri utoke ukutani, akaurudisha mbele. Goti halikutajwa tena. Mwezi uliofuata nilimpandisha kwenye nukta moja ya manjano, ambao umbo lake ni lile lile la nukta mbili ila hukaa hewani zaidi kwa asilimia 10, na hapo ndipo lilipotokea jambo linalonifanya nikisimulie kisa hiki kila mwaka. Siku moja niliuokota mpira wake, nikaona nukta mbili za manjano, nikamgombeza. Akainamisha kichwa. Nikautazama vizuri: nukta moja ilikuwa ya kiwandani, na ya pili alikuwa ameiweka mwenyewe kwa rangi ya kucha ya dada yake, ili wenzake wa ofisini wanaocheza naye Ijumaa wasijue.

Mnacheka, lakini sikilizeni kicheko chenu. Kina sauti ya watu wanaojitambua. Mtu mzima, mwenye shahada, anayesaini hesabu za mamilioni, alionea haya nukta moja ya rangi isiyozidi kichwa cha kiberiti. Na ninawaambia kwamba katika vilabu vyetu wapo wanachama wa miaka mitano, miaka kumi, ambao hawajawahi kuupasha mpira wao moto hata siku moja, wanaocheza mchezo wa mapigo matatu na kuokota, na ukiwaelekeza kwenye nukta moja wanakutazama kana kwamba umewatukania ukoo.

Najua kuna mtu hapa, na kwa kawaida huwa ni mhandisi, anayetaka kuniuliza kuhusu mwinuko. Atasema kwamba Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, msukumo wa nje juu ya mpira ni mdogo, kwa hiyo mpira huruka zaidi kuliko pwani, na kwa sababu hiyo nukta mbili ndio unaotufaa sote. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ni kweli, na ndiyo maana umewahi kutengenezwa mpira mzito zaidi ya nukta mbili kwa ajili ya miji ya milimani kama Mexico City. Wawili wanaojua kupiga wataiona tofauti hiyo hapa mchana wa Februari. Lakini mwinuko haupashi mpira moto. Mimi nimezaliwa Mombasa na nimejifunzia skwoshi huko, ambako uwanja wenyewe huwa umeshafika nyuzi 30 na zaidi kabla hamjavaa viatu, na mpira wa nukta mbili huamka kwa dakika mbili. Nilipohamia huku nilishangaa kuona watu wakilaumu mikono yao kwa kosa la asubuhi ya Julai. Mwenye mkono usio na nguvu na uwanja baridi achukue mpira mwepesi kudunda, awe Nairobi, awe Limuru, awe popote.

Kipimo changu hakihitaji mhandisi. Mkishamaliza dakika tano za kuupasha, ushikeni mpira kiganjani. Ukiwa bado baridi, huo si wenu kwa leo, rudini kwenye nukta moja au nyekundu. Halafu mwombe mwenzako aupige kwa kina mpaka nyuma. Kama haufiki kamwe kwenye ukuta wa nyuma na kutoka kwa kiasi cha kukupa nafasi ya kuupiga, basi nusu ya mchezo imefungwa kwenu, kwa sababu skwoshi bila ukuta wa nyuma ni kitu kingine, sijui tukiite nini. Kwa watoto upo ule wa nukta ya samawati, mkubwa kwa asilimia 12, na ninamwomba mzazi yeyote asiuruke.

Na asiseme mtu kwamba ninaupa mpira heshima isiyo yake. Mchezo huu umezaliwa na mpira. Wanafunzi wa shule ya Harrow, Uingereza, karibu na mwaka 1830, waligundua kwamba mpira uliotoboka wa rackets, mchezo wa zamani wa raketi na ukuta, ambao ulikuwa ukibonyea ukutani badala ya kuruka, uliwapa mapigo ya aina nyingi zaidi na kuwalazimisha kukimbia. Na jina skwoshi kwa Kiingereza linatokana na kule kubonyea. Raketi haikubaki katika jina tunalolitumia leo. Bingwa Jonah Barrington alitwaa mashindano ya British Open mara sita kati ya mwaka 1967 na 1973 kwa raketi ya mbao ambayo leo hakuna hata mmoja kati yenu angekubali kuonekana nayo kwenye maegesho ya magari.

Haya, raketi. Lakini niruhusuni niingilie kwenye nyuzi, kwa sababu nyuzi ndizo zinazougusa mpira, na fremu haiugusi ila ukikosea. Raketi nyingi zinazotoka kiwandani zimewambwa nyuzi za bei ya chini, na muuzaji hawezi kukwambia hivyo. Mwamba ngoma huvutia kwake. Ikiwa una fedha za kutosha raketi ya bei ghali, nunua ya bei ya kati, na salio mpelekee fundi akutolee nyuzi za kiwandani na kukuwambia nyingine nzuri. Mwambie aanzie ratili 24 au 25, asizidi 28. Watu karibu wote huamini kwamba nyuzi zikikazwa sana ndipo pigo linapata nguvu, na kila mwaka ninarudia kwamba ni kinyume. Wengi wetu tumelala kwenye kitanda cha kamba: kamba zikiwa na ulegevu kidogo, mtoto akirukia juu hurushwa, zikikazwa zikawa kama ubao, harushwi popote. Nyuzi zilizolegea kiasi hukupa nguvu bure, na zilizokazwa hukupa uwezo wa kuuelekeza mpira, uwezo ambao mchezaji wa miezi sita bado hana la kuufanyia. Anayekwambia "kaza mpaka iite" anataka kuusikia mlio, hachezi skwoshi.

Utepe wa mpini ubadilisheni kabla haujawa mweusi. Huku bara huenda ukadumu. Mombasa jasho huumaliza kwa wiki chache, na mkono unaoteleza huminya mpini kwa nguvu, na mkono unaominya hauwezi kupiga pigo laini. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nilivyovitaja, na ndicho watu hukibadilisha mwisho.

Fremu sasa. Kanuni zinaruhusu urefu usiozidi milimita 686 na uzito usiozidi gramu 255, lakini raketi nyingi za leo za kaboni zina gramu 110 hadi 150 kabla ya nyuzi, kwa hiyo mizani ya duka si swali lenu. Swali lenu ni uzito umekaa wapi. Ilazeni raketi juu ya kidole, sentimita 35 kutoka mwisho wa mpini: ikiinamia kichwani, itawasaidia wenye pigo fupi kupata nguvu, ikiinamia mpini, itakuwa nyepesi kugeuka kwenye mipira inayopigwa kabla haijagusa sakafu. Kuhusu umbo la koo la raketi, pale mpini unapokutana na kichwa, lililofungwa au lililo kama tone la maji, nilikuwa na mengi, lakini Bwana Mwenyekiti ananionyesha saa kwa mara ya pili, na mara ya kwanza nilijifanya sikumwona.

Viatu: soli ya raba isiyoacha alama sakafuni, na kisigino kifupi. Viatu vya kukimbilia barabarani vina kisigino kirefu, na kwenye mchezo wa kugeuka ubavu vinaweza kukuvunja kifundo cha mguu. Basi.

Miwani sitaikatisha hata mkinizimia taa. Kipenyo ni milimita 40, nimeshakitaja, na kipimo hicho, kwa bahati mbaya kabisa, kinaingia kwenye tundu la jicho la binadamu. Cameron Pilley wa Australia amewahi kupimwa akiupiga mpira kwa kasi iliyozidi kilomita 270 kwa saa. Jirani yako hafikii hata nusu yake, na hiyo nusu inatosha. Miwani ya kusomea si kinga, kwa kuwa kioo chake chenyewe kinaweza kuwa jeraha. Ile fremu ya plastiki isiyo na lenzi nayo si kinga, kwa sababu mpira hubonyea na kupenya katikati yake. Tafuteni lenzi ya polikaboneti, plastiki ngumu isiyovunjika kirahisi, yenye alama ya ASTM F3164, kiwango cha usalama cha Marekani kwa michezo ya raketi, ambacho zamani kilikuwa F803. Mtaniambia kwamba mabingwa hawavai. Mabingwa wanajua mwenzao yuko wapi bila kugeuka. Nyinyi hamjui, na mimi nikiwa nanyi uwanjani sijui pia. Vijana katika mashindano ya dunia hulazimishwa kuvaa, wala hakuna anayewaita waoga.

Wengi wenu mmekuja kwa sababu mmesikia kwamba skwoshi itaingia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, nami ninafurahi. Nina hakika swali la kwanza litakuwa mimi mwenyewe ninapenda raketi gani, kwa hiyo nalijibu kabla halijaulizwa: niliinunua kwa mtu miaka tisa iliyopita, rangi imebanduka, jina la kampuni halisomeki, na nimeiwamba upya mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Uwanja namba mbili ni wetu mpaka saa sita. Ndoo iko pale mlangoni. Mwenye nukta mbili mfukoni auache humo, achukue wa nukta moja au nyekundu, na miwani imo kwenye kapu la pembeni. Na yule aliye na rangi ya kucha, nitamkagua.