Jani Moja, Maji Mawili: Mhadhara Juu ya Shubiri

Assalaam aleikum, na wengine nawasalimu habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kuja mapema na jua hili la Tanga.

Kabla sijaanza kusema, naomba tufanye kazi moja ndogo, kwa sababu inataka muda na itaendelea wakati tunazungumza. Huu hapa ni mshubiri wangu, ndio aloe vera, nimekuja nao kwenye ndoo yake. Nachagua jani la nje kabisa, la chini, lililonenepa. Nalikata karibu na shina, hivi. Sasa nalisimamisha ndani ya glasi, upande niliokata ukiwa chini. Nimechagua glasi ili mwone wote. Mlio mbele mnaona nini? Maji ya manjano, sivyo? Yanashuka taratibu kama mafuta. Tuliache hapo hapo, asiliguse mtu. Tutalirudia.

Mimi nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi, na bustani nimeirithi kwa mama yangu. Nimeombwa nizungumzie dawa za bustanini, na ningeweza kuwatajia mchaichai, mrehani, kivumbasi, tukamaliza siku nzima. Nimechagua shubiri peke yake, kwa sababu ndiyo iliyomo karibu kila ua siku hizi, na ndiyo tunayoitumia vibaya kuliko zote.

Tuanze na jina. Waarabu wanauita mmea huu sabr, au sabir, na mzizi wake ni ule ule wa neno subira. Kwa hiyo shubiri na subira ni ndugu wa tumbo moja. Kuna ubeti wa Kiarabu unaosema kuwa subira inafanana na jina lake: kuionja ni uchungu, lakini mwisho wake ni mtamu kuliko asali. Wazee wetu hawakuhitaji kutafsiriwa hilo. Jambo likimkera mtu husema ni chungu kama shubiri. Na mtoto akikataa kuacha kunyonya, mama alipaka shubiri kidogo kwenye titi, mtoto akaonja mara moja, kesho yake akaomba uji. Wengi humu ndani mmeachishwa ziwa hivyo. (Siku hizi sishauri, na sababu mtaisikia mbele.)

Mmea wenyewe asili yake ni Bara Arabu. Huu tunaopanda majumbani, wenye maua ya manjano, umebebwa na wafanyabiashara mpaka umeenea dunia nzima. Hadi visiwa vya Karibi ulifika, ukalimwa kwa ajili ya biashara, ndiyo maana jina lake moja la kitaalamu lina neno Barbados ndani yake. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Imam Muslim imepokewa kutoka kwa Sayyidna Uthman kwamba mtu aliye kwenye ihramu, yaani aliyekwisha kunuia hija, akiugua macho, ayafunge kwa sabir. Nataja hilo mwone umri wa dawa hii. Simwambii mtu akaminye jani la uani jichoni. Macho yakiuma, nenda ukapimwe.

Lakini ndugu zangu, hapa kwetu tulikuwa na shubiri zetu kabla ya hiyo ya Uarabuni kuja. Ukipanda milima ya Usambara utaiona yenye madoa meupe kwenye majani na maua mekundu yaliyojikusanya juu kama taji. Ukienda ukame wa Same na Mwanga utakutana na nyingine, kubwa, isiyo na madoa. Wakamba wanaita kiluma. Wamaasai wanaita osuguroi, na mizizi yake huitia kwenye asali wanapotengeneza pombe ya sherehe za wazee. Wafugaji wa kuku huponda majani wakatia kwenye maji ya kunywa wakati wa mdondo. Sikatai, kuku wenyewe nimewaona wakiyanywa. Ila mdondo una chanjo, na wataalamu wa mifugo wanatuambia tuirudie kila baada ya miezi 3. Chanja kwanza, halafu ponda majani yako ukipenda.

Sasa hapo kwenye shubiri za porini nataka tusimame kidogo, maana hapa watu wanaweza kuumia. Kuna aina moja inaota kusini-mashariki mwa Kenya na huku kwetu kaskazini-mashariki, kwenye vichaka. Inarefuka kama mti mwembamba, na ukivunja jani lake linanuka panya. Aina hiyo ina sumu ya jamii ile ile iliyokuwa kwenye kinywaji alichonyweshwa mwanafalsafa Socrates kule Athens mwaka 399 kabla ya Kristo, akafa ganzi ikimpanda kutoka miguuni. Kwa hiyo kijana asije akatoka porini na gunia akakwambia, "Mama, shubiri ni shubiri tu." Si kweli. Shubiri ya kutumia ni ile uliyoipanda mwenyewe na unayoijua ilikotoka. Tena hizo za porini zinalindwa. Kenya Rais Moi alipiga marufuku uvunaji wake mwaka 1986, kwa kuwa watu walikuwa wanazing'oa na kuchemsha utomvu kwa ajili ya kuuza nje. Na katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, jamii nzima ya shubiri imo. Iliyoachwa huru ni hii moja ya majumbani.

Na kwa kuwa tuko Tanga, niseme na hili: mkonge si shubiri. Nacheka, lakini nimewahi kuletewa. Mkonge ulikuja hapa mwaka 1893, umeletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na asili yake ni Mexico. Ukivunja jani la mkonge unakuta nyuzi, na maji yake yanawasha ngozi vibaya sana, waulize waliofanya kazi kwenye mashamba. Jani la shubiri halina nyuzi. Ukilipasua unakuta ute.

Haya, turudi kwenye glasi. Tazameni yalipofika. Manjano imekuwa nzito, inaelekea rangi ya chai ya rangi. Nani ana moyo wa kuonja? Njoo mwanangu. Chovya ncha ya kidole tu, weka ulimini, usimeze. Umeona? Mpeni maji asukutue.

Hicho alichoonja ndicho kiini cha maneno yangu yote ya leo. Ndani ya jani hili mna maji mawili. Hayo ya manjano ni utomvu, nao unakaa kwenye mishipa midogo iliyo chini tu ya ganda. Katikati mna ute mweupe unaoteleza kama ute wa yai, na karibu wote ni maji matupu. Sehemu 99 katika kila 100. Mmea umejijengea tangi la maji, kisha ukalizungushia ua wa uchungu ili mnyama asilitoboe. Mnawajua mbuzi wa mitaani kwetu, wanakula hata maboksi. Mmeona mbuzi anayekula shubiri?

Utomvu unaendesha tumbo kwa nguvu. Wazee waliutumia hivyo hivyo kwa mtu aliyefunga choo, na walitumia kidogo, punje ya utomvu mkavu. Ute kazi yake ni nyingine: unapoza na kulainisha ngozi. Bibi anayekata jani na kulisimamisha kama hivi alikuwa anatenganisha dawa mbili. Sisi tumekuja na mashine za kusagia juisi, tunatumbukiza jani zima, ganda na utomvu na ute, tunachuja, tunatia ndimu na asali tusiusikie uchungu. Uchungu ule ulikuwa ndio onyo lenyewe.

Nawaeleza jambo la nyumbani kwangu. Mama yangu alikuwa na shinikizo la damu, na daktari alimpa vidonge vya kumpunguza maji mwilini, vile vinavyomfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Mtu mmoja akamuuzia chupa za juisi ya shubiri, akamwambia inasafisha damu. Mama akanywa glasi asubuhi, glasi jioni, karibu wiki tatu. Mimi nilikuwa kazini mkoa mwingine. Alikuwa anaharisha, na kila akiharisha anaambiwa, "Hiyo ndiyo taka inatoka." Siku niliporudi nilimkuta hawezi kuinuka kitandani, miguu imelegea kama kamba, moyo unapiga na kuruka. Hospitali walipopima damu, potasiamu ilikuwa imeshuka mno. Vidonge vilikuwa vinaitoa kwenye mkojo, na shubiri inaitoa kwenye choo, na moyo hauwezi kwenda bila hiyo chumvi. Alipona, alhamdulillahi. Lakini mimi muuguzi, na ile shubiri ilitoka kwenye mmea kama huu aliokuwa ameupanda mwenyewe miaka ishirini nyuma. Aliujua kuliko mimi. Yule muuzaji alimsahaulisha.

Na si sisi tu. Marekani mwaka 2002 mamlaka yao ya chakula na dawa iliziondoa dawa za choo zenye utomvu wa shubiri kwenye zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa sababu watengenezaji hawakuleta ushahidi wa kutosha kuwa ni salama. Na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka juisi ya jani zima kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, baada ya panya walionyweshwa muda mrefu kupata uvimbe kwenye utumbo. Kwa hiyo mjamzito asinywe. Anayenyonyesha asinywe, wala mtoto asionjeshwe, na ndiyo sababu ya lile titi nililolitaja. Mwenye ugonjwa wa figo, anayetumia dawa za moyo, za presha au za sukari, asinywe. Mkiniuliza mimi, nasema shubiri ibaki nje ya mwili. Huko nje imetosha kutufaa.

Imetufaa vipi? Mwaka 1935 kule Marekani madaktari waliandika habari za ngozi iliyoungua kwa mionzi ya eksirei ikapona kwa jani hili, na tangu hapo tafiti zimefuatana, na kwa majeraha madogo ya moto matokeo ni mazuri. Umeungua na mvuke wa sufuria, au mafuta ya maandazi yamekurukia mkononi: kwanza maji. Maji safi ya baridi, yanayotiririka, dakika 20 nzima. Si barafu, si dawa ya meno, si yai. Baada ya hapo ndipo unapaka ute. Moto ukiwa umeingia ndani, au umeshika uso, au eneo kubwa kuliko kiganja, hiyo si kazi ya bustani, funga kitambaa safi mwende hospitali. Ute unafaa pia kwa ngozi iliyobabuka na jua, na kwa mba wa kichwani. Kwanza jaribu kidogo nyuma ya mkono, ukae mpaka kesho, maana wapo ambao ngozi yao inaikataa.

Jani letu sasa liko tayari. Robo saa inatosha, lakini limekaa zaidi, na ni vizuri. Utomvu huu namwaga. Jani naliosha. Nakata ncha, nakata pande mbili zenye miiba, halafu kisu nakilaza hivi, nabandua ganda la juu kama unayemenya papai. Ute nautoa mzima, nausuuza tena mpaka maji yasiwe na manjano hata kidogo. Pitisheni sahani hii mguse. Hauwekwi mpaka kesho kwenye joto letu, unachacha. Kata unachotumia leo.

Kuhusu kupanda sitasema mengi, kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo na adui yake ni mmoja, ndoo ya maji. Kila aliyeniambia shubiri yake imekufa, alikuwa anaimwagilia kila jioni kama mchicha. Mmea huu unafungua vinyweleo vyake usiku, jua likishazama, na mchana unavifunga usipoteze maji. Umeumbwa kwa ajili ya kiu. Majani yakilegea na kugeuka manjano, umezidisha maji. Yakiwa mekundu au ya kahawia, jua limeuzidi kwa ghafla, ulitoka kivulini. Udongo wetu huu wa pwani wenye mchanga na vipande vya matumbawe unaufaa kabisa. Wenye udongo wa mfinyanzi, changanyeni na mchanga nusu kwa nusu. Wakati wa masika usimwagilie hata tone, na ndoo uinyanyue juu ya mawe, matundu ya chini yapumue. Majani usianze kukata kabla ya miaka 2 au 3, na ukikata, ya nje tu, mawili matatu, uupumzishe.

Mbegu msihangaike nazo. Mmea mama unazaa watoto pembeni, na pale mlangoni nimewawekea kapu. Niliwang'oa juzi, kila mmoja na mizizi yake, nikawaanika kivulini kidonda kikauke, kwa hiyo msiogope mkiwaona wamenyauka kidogo. Chukueni mmoja mmoja. Mkifika nyumbani mpande leo leo, msimfukie mpaka kwenye majani, na maji msimpe mpaka wiki ijayo.