Matawi Mangapi Yamefikisha? Swali Moja, Majibu Manne

Habari za jioni. Mliowahi kunisikia mnajua nitaanzia wapi: matawi matatu ya duka, siku tatu. Mfano huu nitauandika ubaoni mpaka ripoti za Nairobi ziache kutoa bonasi kwa tawi lisilostahili.

Bosi anauliza: matawi mangapi yana wastani wa mauzo wa shilingi 50,000 au zaidi kwa siku? Tawi la Kawangware liliuza 90,000, likashuka hadi 20,000, kisha 25,000. Umoja: 48,000, 49,000, 59,000. Rongai: 60,000, 55,000, 20,000. Kompyuta ifungeni kwanza, chukueni kalamu. Kawangware wastani ni 45,000, Rongai 45,000, Umoja 52,000. Jibu ni tawi moja.

Sasa njooni tuone dashibodi, ile ripoti ya kwenye kompyuta, ambako kila mstari ni mauzo ya tawi moja kwa siku moja. Mchambuzi wa kwanza anachuja mistari iliyofika 50,000, anaihesabu, anapata 4. Wa pili anachuja vivyo hivyo ila anahesabu majina ya matawi: 3. Wa tatu anaandika kwenye Power BI, programu ya kutengeneza ripoti, kwamba wastani ukifika 50,000 weka 1, usipofika weka 0. Kila tawi linapata alama yake sawasawa, lakini pale chini kwenye jumla panasomeka 0! Kwa nini? Kwa sababu jumla ile haijumlishi alama zilizo juu yake. Inapiga wastani upya wa siku zote tisa, na wastani huo ni 47,333.

Mtaniambia fomula ilikubali. Naam, ilikubali. Programu hukagua sarufi ya fomula. Swali la bosi hailijui.

Na msiniambie ni tofauti ndogo. Ukilipa bonasi kwa jibu la yule wa pili, umemlipa Kawangware kwa siku moja ambayo watu walikuwa wamepokea mshahara, na muuzaji wa Umoja, aliyeshikilia mauzo yake siku zote tatu, umemweka kapu moja naye. Nimeshaona mtu akinyamaza kikaoni akitazama namba ya namna hiyo, na sijasahau uso wake.

“Si ni kuweka kichujio tu, mwalimu?” Kichujio, ndiyo, lakini ukiweke lini? SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, ililitenganisha jambo hili wazi: WHERE huchuja mistari kabla ya kupanga makundi, HAVING huchuja makundi wastani ukishapatikana. Unapanga kwa tawi, unachuja kwa HAVING, ndipo unahesabu yaliyobaki. Kwenye DAX, lugha ya fomula za Power BI, orodhesha matawi kwa VALUES, yachuje kwa FILTER, yahesabu kwa COUNTROWS, na AVERAGE yako, yaani wastani, uizungushie CALCULATE ili upigwe kwa kila tawi peke yake. Ukiisahau CALCULATE, kila tawi linapimwa kwa ile 47,333 ya wote, hakuna linalopita, na kadi ya jibu kwenye dashibodi inabaki tupu.

Haraka haraka sasa, naona naonyeshwa saa. Tuseme kuna siku ya nne ambayo duka lilifungwa: ukiiandika 0, Umoja inashuka hadi 39,000 na kuanguka, ukiiacha tupu, AVERAGE inairuka na Umoja inabaki 52,000. Kubalianeni na mhasibu kabla ya ripoti kutoka. Wastani wa wastani nilikuwa nimeuandalia slaidi nne, naziacha. Mwenye swali anikute mlangoni, na aje na mistari yenyewe ya mauzo, picha ya dashibodi haitatusaidia.