Kutoa mabuu ya nzi kwenye ngozi ya mbwa bila kuwapasua

Karibuni tena, leo tuko Tabora chini ya mwembe. Kivuli hiki ndicho kilichomponza huyu mgonjwa wetu: nzi hutaga kwenye mchanga mkavu unaonuka mkojo, buu akianguliwa anangoja mnyama alale, anazama ngozini.

Mdomo ufungwe kwa bandeji, mtu ashike kichwa, vaa glavu. Twende.

Sogeza kamera tumboni. Unaona uvimbe wenye tundu? Linatoa majimaji, na ukitulia kuna kitu kinachungulia na kurudi. Hayo ni makalio yake, huyu anapumulia nyuma. Jipu halichungulii mtu. Kupe ananing'inia nje na miguu yake. Huyu wa unyayoni mwenye nukta nyeusi ni funza, tutamrudia.

Paka mafuta ya mgando, mazito, kama siagi kwenye mkate wa mgeni. Tundu lizibe kabisa akose hewa. Subiri dakika 15 hadi 30, na mbwa asijilambe.

Sasa hapa sikilizeni. Usibane juu ya tundu! Dole gumba huku, jingine kule, sentimita moja kutoka kwenye tundu. Shindilia chini kwanza, ndipo usukume kuelekea katikati... Mshike! Mshike huyo! Samahani, kamera imeyumba. Buu katoka nusu, karudi. Usimvute na kibano, ana vimiba vyeusi mwili mzima vya kung'ang'ania. Akipasuka, mabaki yanabaki ndani na uvimbe unakuwa balaa. Achia, ongeza mafuta, ngoja tena dakika kumi. Na usibane juu ya tundu, narudia.

Huyo! Karibu sentimita moja na nusu, amekomaa. Mtumbukize kwenye maji ya moto. Ukimtupa mchangani atajichimbia, atoke nzi.

Osha tundu kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chai kwa nusu lita iliyochemshwa ikapoa, kisha iodini. Wakiwa wengi, au kidonda kinanuka, mwite daktari wa mifugo. Sindano ya ng'ombe ya ivermectini, dawa ya kuua vimelea, ya asilimia moja usimkisie mbwa: mililita moja ina miligramu 10, nyingi mno kwa mbwa mdogo.

Matandiko yafuliwe. Nguo zako zilizoanikwa chini zipige pasi pande zote, mishono hasa, maana buu huyu hachagui mbwa na mtu.

Bado wawili mgongoni. Leta mafuta.