Nauli ya Kurudi

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Swali nililopewa jioni hii ni hili: ni haki mabilioni yatumike kumpeleka mtu Mirihi, nasi hapa Mombasa twanunua maji kwa mtungi?

Si swali letu peke yetu. Julai 1969, siku moja kabla ya Apollo 11, safari ya kwanza ya kumtua mtu Mwezini, kuruka, kasisi Ralph Abernathy, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi, alifika kituo cha kurushia roketi cha Cape Kennedy na maskini wenzake, wakiwa na mikokoteni ya baghala (mnyama, si lile jahazi) kuuliza jambo hilohilo. Miaka ile Marekani ilifika kutumia zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali kwa anga. Siku hizi haifiki hata nusu ya asilimia moja.

Lakini nataka nibaki kwenye mtungi. Katika Kituo cha Kimataifa cha Anga, jasho, mvuke wa pumzi na mkojo husafishwa yakawa maji ya kunywa. Mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, walitangaza wamefikia kuokoa asilimia 98. Naam, chekeni! Wanafanya hivyo kwa sababu kila lita inayopanda juu ina nauli yake. Saturn V, roketi iliyowapeleka watu Mwezini, iliondoka na uzito unaokaribia tani 3,000, karibu yote mafuta. Kilichorudi baharini ni kijichumba cha watu watatu.

Sisi watu wa pwani twalijua hili. Nahodha alipakia boriti akaenda Arabuni na kusi, akarudi na kaskazi; akikosa msimu, alilala ugenini. Mirihi nayo ina msimu. Nafasi nzuri ya kuondoka huja kila miezi 26 hivi, kwenda ni miezi sita hadi tisa, na ukifika yakubidi ungoje sayari zikae sawa ndipo urudi. Hesabu kama miaka mitatu. Nahodha wetu alikuwa na visima vya Lamu na Muqdisho njiani. Njia ya Mirihi haina bandari. Mifupa yadhoofika kwa kukosa uzito, mionzi yapenya mwilini, na ukiugua hakuna wa kukufuata.

Mashine haidai nauli ya kurudi. India ilitua karibu na ncha ya kusini ya Mwezi tarehe 23 Agosti 2023 kwa kama dola milioni 75. Roketi na chombo cha NASA cha kupeleka watu huko, mkaguzi wao mwenyewe alikadiria mwaka 2022 kuwa safari moja, kati ya zile za mwanzo, itakula dola bilioni 4.1.

Nisiwadhulumu wanaanga, lakini. Wale kumi na wawili waliokanyaga Mwezi walisaidia kuleta kilo 382 za mawe na mchanga; vyombo visivyo na watu havijafikisha hata kilo tano. Jicho la mtu na mkono wake bado havina mfano. Mwenye pesa zake na aende, mimi simzuii.

Hoja yangu ni shilingi yetu sisi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani kujengwa mahsusi kuchunguza eksirei za angani. Kwa kuwa ilikuwa Jamhuri Dei, ikaitwa Uhuru. Haikubeba mtu. Mkuu wa utafiti ule, Riccardo Giacconi, alipata Nobeli mwaka 2002. Sisi tulipata jina.

Urushaji pale ulikoma mwaka 1988. Setilaiti yetu, Taifa-1, ya kupiga picha za mashamba na mafuriko, tuliirusha Aprili 2023 kutoka California. California, ilhali ikweta, ambako mzunguko wa dunia huisaidia roketi kupaa, iko hapa mlangoni! Shilingi yetu, nasema, ianzie Ngomeni.

Haya, mama wa nyuma, umeinua mkono tangu mwanzo. Uliza.