Cron ilisema nini usiku? Kuyasoma matokeo yake kwenye terminali

Karibuni. Niko Mwanga, Kigoma, na umeme umerudi sasa hivi, kwa hiyo twende kabla haujakatika tena.

Kompyuta hii ya Linux inatunza hesabu za muuza dagaa wa hapa mjini. Kila usiku cron, programu inayoendesha kazi zenyewe kwa saa ulizopanga, inanakili faili la mauzo. Juzi nakala sikuikuta, na kwenye skrini kimya. Cron haiongei kwenye skrini; maneno yake inayatuma kama barua, humo humo ndani ya mashine.

Ukiwa umeingia kwa jina la mwenye kazi hiyo, andika `mail`, bonyeza Enter. Mtumaji huyu hapa, Cron Daemon. Andika namba ya barua yake, 1, Enter. Shuka mpaka chini:

`/bin/sh: 1: nakala.sh: not found`

Mchawi ndiye huyo! Mimi nikiiita skripti hii, yaani faili la amri za kunakili, kwa mkono inaitika, maana PATH yangu, orodha ya folda ambamo mashine inatafuta programu, ni ndefu. Ya cron mara nyingi ni /usr/bin na /bin basi. Iandikie njia kamili ya skripti, kuanzia folda ya kwanza. Ukimaliza, `d` inafuta barua, `q` inakutoa.

Ubuntu nyingi hazina kabisa programu ya barua, na hapo matokeo yanatupwa. Mimi, kusema kweli, barua zinanichosha, naandikia faili. Fungua ratiba ya cron kwa `crontab -e`, weka hivi:

`0 2 * * * /home/duka/nakala.sh >> /home/duka/nakala.log 2>&1`

`>>` inaongezea chini. Ukiweka `>` moja, ya jana yamekwenda. Ile `2>&1` inaingiza na makosa humo humo. Ukiisahau, makosa hutayakuta humo siku ile ile unayoyahitaji.

Sasa huko mwanzo, 0 ni dakika, 2 ni saa. Hiyo 2 ni saa nane usiku, jamani, si saa mbili! Ukitaka saa mbili usiku, andika 20. Halafu andika `date`: ikionyesha UTC, yaani saa za kimataifa, sisi tuko mbele saa tatu, kwa hiyo kazi itaanza saa kumi na moja alfajiri, mitumbwi ikirudi na dagaa na mteja wangu kashaanza kuandika mauzo ya leo.

Kujaribu, usikeshe. Badilisha mwanzo uwe `* * * * *`, yaani kila dakika, hifadhi, kisha andika `tail -f /home/duka/nakala.log` uone mistari mipya ikiingia. Skripti yangu huandika saa ikimaliza. Tusubiri dakika igeuke... Hiyo, imeingia. Ctrl+C, na urudishe `0 2` yako sasa hivi, kabla diski haijajaa nakala.