Mungu Akinyamaza, Wewe Usinyamaze

(Mhadhara kwa wanawake na vijana wa usharika, Njombe)

Bwana Yesu asifiwe. Kamwene, mama zangu. Vijana, nawasalimu.

Kichwa cha somo mlichonipa ni kumtumaini Mungu anaponyamaza. Kabla hatujaanza, mama mmoja alinisogelea pale mlangoni akaniambia, "Mwalimu, usituambie tuvumilie tu. Hilo tumeshaambiwa." Mama, nimekusikia.

Nianzie msibani, kwa sababu ndiko swali hili linakouma zaidi. Mtu amezika mtoto saa nane mchana. Jioni tunamzunguka na maneno yetu: "Bwana alitoa, na Bwana ametwaa." "Kazi ya Mungu haina makosa." Akilia kupita kiasi tunachoweza kukistahimili sisi, tunamshika bega: "Basi mama, utamkufuru Mungu." Maneno ya Ayubu ni ya kweli, yako sura ya 1. Lakini Ayubu aliyasema kwa kinywa chake, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna jirani aliyekuja kumsomea. Tena ukifika sura ya 3, mtu huyohuyo anailaani siku aliyozaliwa. Sisi tunasoma sura ya 1, tunarukia ya 42 alikorudishiwa mali maradufu, na katikati tunaacha sura 35 ambamo Mungu hamjibu Ayubu hata neno moja. Anamwita, anamshitaki, anamwomba waonane uso kwa uso. Kimya. Ni sura ya 38 ndipo anaposema naye.

Sasa angalieni Mungu anavyowaambia wale marafiki watatu waliokuja kumfariji Ayubu, sura ya 42 mstari wa 7. Hasira yake imewaka juu yao, kwa sababu hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu alivyonena. Waliokuwa wakimtetea Mungu ndio walioambiwa wamekosea. Aliyelalamika ndiye aliyenena sawa. Nimelifundisha fungu hili miaka mingi, na kila nikilifikia linanishtua upya. Hata hivyo marafiki wale walifanya jambo moja jema, na tusiwadhulumu: mwanzoni waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Watu wa huku kwetu kwenye baridi tunaijua ibada hiyo. Kulala msibani, kuchochea moto, kumkalia mfiwa karibu. Laiti wangeishia hapo.

Daudi anauliza katika Zaburi ya 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo angalau inamalizika kwa wimbo. Fungueni ya 88. Inaanza kwa kilio na inamalizikia gizani. Hakuna "lakini", hakuna aya ya kutufariji. Na waliokusanya Zaburi hawakuiondoa wala hawakuiongezea mwisho mzuri. Waliiacha hekaluni iimbwe. Maana yake kuna mtu aliyesali sala isiyojibiwa, na sala yake ikahesabiwa kuwa neno la Mungu. Anayesema ndani yake Mungu ameuficha uso, bado anamwambia Mungu mwenyewe. Hajaenda kumsema pembeni. Mimi naamini hapo ndipo imani ilipo: kuendelea kumsemesha asiyekujibu.

Martha alifanya hivyohivyo. Yesu alipata habari kwamba Lazaro ni mgonjwa, akakaa siku mbili zaidi pale alipokuwa. Alipofika, kaburi lina siku nne. Martha akatoka kumlaki: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Mariamu naye akaja na maneno yaleyale. Bila shaka wote wawili walikuwa wameyarudia mle ndani siku zote zile. Yesu hakumkemea hata mmoja wao. Alilia.

Sasa nizungumze juu ya hapa petu. Ninyi wa umri wangu mnaikumbuka miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, hasa Makete, wakati ule bado ikiwa Mkoa wa Iringa. Ziko nyumba zilizobaki na bibi na wajukuu, kizazi cha kati kimekwisha. Kwenye matanzia tulikuwa tunasema "aliugua muda mrefu" na kila mtu anaelewa ni UKIMWI. Niliwahi kukaa jikoni kwa bibi mmoja wa namna hiyo. Alikuwa anachambua viazi kwenye mwanga wa moto: vikubwa vya kuuza, vya wastani vya kula, vidogo anavitupia kwenye kikapu cha mbegu. Nje kidogo ya mlango, mkeka una maua ya pareto aliyoyaanika. Wajukuu wamejibanza ukutani wakisubiri chungu. Kabla ya kula aliomba kwa sauti ya kawaida tu, kama anaongea na mtu aliyekaa jikoni mlemle: "Nilikuomba binti yangu, ukaninyima. Nikakuomba kaka yake, ukaninyima. Leo nakuomba sare ya huyu anayeingia darasa la kwanza. Hilo nalo utaninyima?" Akasema amina, akapakua.

Sijasikia sala yenye imani kuliko ile, na nimekaa na maaskofu.

Lakini ipo habari nyingine ndani ya kimya kile, na bila hiyo tutamsingizia Mungu. Dawa za mchanganyiko za kufubaza makali ya virusi vya UKIMWI zilianza kutumika nchi tajiri mwaka 1996. Mpango wa serikali yetu wa kuzitoa ulianza mwaka 2004. Miaka minane. Kilichokuwa kinazizuia kwa sehemu kubwa ni bei. Mwaka 2000 dozi ya mtu mmoja kwa mwaka ilizidi dola 10,000 za Marekani. Mwaka uliofuata kampuni ya India, Cipla, ikasema inaweza kuzitoa kwa dola 350. Kumbe wakati tunauliza makaburini "Mungu uko wapi", jibu lilikuwa limeshatengenezwa na limefungiwa stoo. Mungu hakuwa amenyamaza peke yake. Wenye dawa walinyamaza. Na sisi kanisani tulinyamaza kwa namna yetu: tulihubiri dhambi juu ya jeneza, wajane wakaacha kuja ibadani.

Haimaanishi kila kimya cha Mungu ni kosa la watu. Binti wa bibi yule alikufa. Kwa nini yeye na si mwingine, sina maelezo, na ninawaomba msimwamini mtu yeyote anayewaletea maelezo ya hilo. Ila nimejifunza kuuliza maswali mawili pamoja. Bwana, mbona umenyamaza? Na sisi je, tunasema nini?

Kuna kitabu kizima katika Biblia ambacho jina la Mungu halitajwi hata mara moja katika maandishi yake ya Kiebrania. Ni Esta. Na kitabu hicho kinamhusu nani? Msichana yatima. Sura ya 2 inasema hakuwa na baba wala mama, na Mordekai, ndugu wa ukoo, alimtwaa kuwa binti yake. Mungu hatajwi, lakini mtoto ana mlezi. Vijana mliomo humu mliolelewa na bibi, na shangazi, na mama mdogo, msome Esta upya. Msiwe na haraka ya kufika kwenye taji. Simameni kwanza kwenye mstari ule wa 7.

Nawaambia haya kwa sababu jambo hili halijaisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta maambukizi ya virusi hivyo kwa watu wazima mkoani kwetu yakiwa asilimia 12.7, na nchi nzima 4.4. Safari hii dawa zipo. Anayekunywa vizuri anaishi, anazaa, anaona wajukuu. Kinachokosekana ni mtu wa kumwambia kijana aliyepokea majibu leo kwamba kesho aje kwaya kama kawaida, kiti chake kipo.

Kwa hiyo ombi langu kwa umoja wa wanawake ni hili. Nyumba yenye msiba wiki hii, msipeleke mstari siku ya kwanza. Pelekeni kuni za miwati, unga na mtu wa kushika watoto. Mfiwa akisema Mungu amemwacha, msimsahihishe. Yesu mwenyewe aliuliza hivyo msalabani, na aliuliza kwa maneno ya Zaburi ya 22. Siku akitaka kusali na maneno yamemwishia, msomeeni ya 88, na mkae naye.

Tuisome sasa hivi, wote, kwa sauti, mstari kwa mstari, na tuishie inapoishia. Baada ya hapo nitapokea maswali. Nitaomba akina mama waanze.